Nilitoka stoo ya dawa nikaingia kwenye programu: anzia kwenye leja yako

Miaka tisa nilitunza stoo ya duka la dawa la jumla, Morogoro. Sasa ninalipwa kuandika programu. Wengi wanaotaka kunifuata huanza na swali la lugha ya kuandikia programu: "Dada, nianze na Python au JavaScript?" Mimi huwauliza kwanza, kazini kwako ni kitu gani kinakuumiza kichwa kila wiki? Anzia hapo.

Changu kilikuwa dawa kuisha muda. Leja ilikuwa ya karatasi, mzigo mpya unawekwa mbele, wa zamani unasukumwa nyuma ya rafu, na siku ya kuhesabu mali tunakuta katoni zima la dawa ya maji ya watoto ni la kutupa. Nilitaka kompyuta inijibu swali moja: zipi zinaisha ndani ya siku 90? Nilijifunza mengi kwa kulihangaikia swali hilo kuliko kwa video zote nilizotazama.

Usiache kazi. Mshahara ndio unaonunua bando. Mimi niliamka saa kumi alfajiri, nikasoma hadi saa kumi na moja na nusu, siku tano kwa wiki. Laptopu ya mtumba inatosha, ila iwe na RAM ya GB 8 na diski ya SSD, na uiwashe bila chaja mbele ya muuzaji walau nusu saa. Tafadhali usiinunue kwa mkopo wa kausha damu, maana mwenye deni la kila wiki hasomi.

Nilichagua Python kwa sababu inakuja na vifaa vya tarehe na hifadhidata ya SQLite (mahali pa kutunzia rekodi) ndani yake. Masomo ya bure yapo: tovuti ya freeCodeCamp, au CS50, kozi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard. Shika moja, umalize.

Sasa tarehe, maana hapo ndipo nilipokwama wiki tatu. Niliziingiza kama zilivyo kwenye leja, 03/04/2021. Kompyuta ikazipanga kama maneno, kwa kuanzia kushoto, hivyo 01/12/2022 ikatangulia 03/04/2021. Dawa ya mwaka unaofuata ikawa juu ya orodha! Suluhisho ni kuanza na mwaka: 2021-04-03. Kisha likaja boksi lililoandikwa 03/2022 tu. Programu yangu ikalihesabu kuwa limeisha tarehe 1 Machi, na nusura nitoe rafuni dawa ambayo bado ni nzima, kumbe muda wake unafika mwisho wa mwezi. Hilo nililigundua kwa sababu nilikuwa nimeshika maboksi hayo miaka tisa. Na wewe kuna jambo unalijua hivyo, iwe ni cherehani, mizani ya kahawa au daftari la mahudhurio.

Kosa likitokea Python hutema mistari mingi. Soma wa mwisho kwanza, ndio unaotaja kosa. Juu yake utaona namba ya mstari ulioharibika. Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga, kwa hiyo kila kosa nililiandika kwenye daftari na maana yake kwa Kiswahili. Jifunze mapema pia Git, chombo kinachotunza kila toleo la programu yako ili uweze kurudi nyuma. Mimi nilichelewa, nikapoteza kazi ya wiki mbili.

Halafu mpe mtu aitumie, wewe ukae pembeni kimya. Mwenzangu wa kaunta alikosea jina la dawa, akabonyeza "Futa" akidhani anafuta maneno yaliyo kwenye kisanduku. Rekodi nzima ikaondoka. Kesho yake kitufe kilisomeka "Ondoa dawa hii", na kinauliza mara ya pili kabla ya kuondoa.

Barua za kazi zipeleke kwanza kwa wanaotengeneza mifumo ya fani yako ya zamani. Mimi nilizipeleka kwa wa maduka ya dawa na hospitali. Kwenye usaili waliniomba nieleze tatizo gumu nililowahi kulitatua. Nilitoa boksi tupu la dawa mkobani, nikaliweka mezani, nikawaonyesha ile 03/2022.