Bangkok na mashosti: jinsi ya kuzunguka na kununua kwa bei ya jumla bila kununiana

Kundi linaloenda Bangkok lina faida moja ambayo anayesafiri peke yake haipati kirahisi, nayo ni bei ya jumla. Pratunam, mtaa wa nguo ambao wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaujua vizuri, bei hushuka mara unapochukua pisi tatu. Mkiwa sita, mmeshakuwa wateja wa jumla kabla ya kukanyaga dukani. Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia jirani yangu kupanga safari ya kikoba chao. Maswali yake ni yaleyale ninayoulizwa na kila anayejiandaa.

Hatua ya 1: Tarehe na viza

Msiende katikati ya Aprili. Songkran, mwaka mpya wa Kithai, ni tarehe 13 hadi 15, na wauza jumla wengi hufunga maduka wakarudi kwao mikoani. Kama mnataka kumwagiana maji barabarani, sawa. Kama mnataka nguo, chagueni mwezi mwingine. Pia safari iwe na Jumamosi au Jumapili ndani yake, ili mpate soko la Chatuchak (Hatua ya 7). Viza huombwa mtandaoni.

Hatua ya 2: Kadi ya homa ya manjano (soma hii mara mbili)

Hapa ndipo makundi hupotezea saa nzima, wakati mwingine zaidi, tena mmechoka na safari ya usiku. Thailand inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo. Kupitia Addis Ababa hakukuokoi, maana Ethiopia nayo imo.

Watu wengi kadi wanayo. Tatizo ni mpangilio wa uwanja. Ukishuka Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, unaona umati unaelekea uhamiaji, nawe unaufuata. Unapanga foleni, inasogea taratibu, unafika mbele, afisa anaangalia pasipoti na kukurudisha nyuma: hujapita kaunta ya afya. Kaunta hiyo ina bango limeandikwa Health Control na iko kabla ya uhamiaji. Nendeni huko kwanza, wote kwa pamoja, muonyeshe kadi, ndipo mkapange foleni. Abiria wenzenu wa kutoka nchi nyingine hawapiti huko, kwa hiyo msiwafuate.

Mengine ya kuangalia:

Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Kuchanja wiki ya kuondoka ni kazi bure.

Tangu Julai 2016 chanjo moja ni ya maisha yote. Kadi ya zamani iliyoandikwa mwisho wa miaka kumi bado ni halali, lakini jina lililomo lifanane na la pasipoti. Dada aliyeolewa akabadilisha jina kwenye pasipoti huku kadi ina jina la ubini, ashughulikie hilo nyumbani. Kaunta ya Bangkok si mahali pa kueleza habari za ndoa.

Kadi ikae mkononi pamoja na pasipoti. Ikiwa kwenye begi lililoingia tumboni mwa ndege, ni sawa na kutokuwa nayo.

Shosti anayeungana nanyi kutoka Muscat au London naye abebe yake kama anayo. Haimzidii uzito.

Kisha kuna fomu ya kidijitali ya kuingia nchini, TDAC, iliyoanza tarehe 1 Mei 2025. Hujazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na ni bure. Tovuti halisi ni tdac.immigration.go.th. Ukiona tovuti inakuomba ulipie, funga. Mkae chini jioni moja mjaze pamoja, yule mwepesi wa simu awasaidie mama zetu.

Hatua ya 3: Pa kulala

Lala Pratunam. Najua kuna watakaowaambia Sukhumvit kuna raha zaidi, lakini mtu mwenye mifuko minne ya nguo anataka kuitua chumbani na kurudi sokoni kwa miguu. Kutoka uwanjani pandeni treni ya Airport Rail Link, mshuke Ratchaprarop. Wanaokula halali wasiwe na wasiwasi: Phetchaburi Soi 7, karibu na msikiti wa Darul Aman, kumejaa vyakula vya Waislamu wa Kithai, na si mbali na maduka.

Hatua ya 4: Fedha

Beba dola, noti za mia, mpya, zisizokunjwa. Noti ndogo hupewa bei ya chini. Badilisheni kuwa baht, fedha ya Thailand, mjini; uwanjani chukueni za nauli tu. Kadi ya benki ni ya dharura, maana mashine za huko humkata mgeni kama baht 220 au zaidi kila anapotoa, na vibanda vya jumla vinapenda taslimu.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza ni ya matembezi

Mkianza na maduka, ikulu hamtaiona. Hakuna mwenye mzigo nusu anayekubali kwenda kutazama hekalu.

Kutoka Pratunam pandeni boti ya mfereji wa Saen Saep hadi kituo cha mwisho, Panfa Leelard. Ni rahisi, haina foleni ya magari, na haisubiri mtu: ikigusa gati, ruka. Maji yana harufu, funika pua na mtandio. Kutoka hapo chukueni teksi hadi Grand Palace, ndiyo ikulu yenyewe, iliyoanza kujengwa mwaka 1782. Kiingilio ni baht 500, na milango hufungwa kwa wanaoingia saa tisa na nusu alasiri (15:30 kwa saa ya Bangkok), kwa hiyo nendeni asubuhi. Mavazi yafunike mabega na magoti. Dera la mikono linapita bila swali. Kanga ya kutupia juu ya blauzi isiyo na mikono wanaweza kuikataa.

Mtu aliyevaa vizuri akiwaambia nje ya ukuta kwamba leo ikulu imefungwa, ila ana bajaji ya kuwazungusha kwa bei ndogo, piteni kimya. Safari hiyo huishia kwenye duka la vito. Mtoto wa nchi ya tanzanaiti kuuziwa jiwe Bangkok na dereva wa bajaji ni aibu ya ukoo.

Hekalu la Wat Pho liko kwa miguu, na sanamu yake ya Buddha aliyelala ina urefu wa mita 46. Pigeni picha, mvuke kwa kivuko cha Tha Tien kwenda hekalu la Wat Arun, mrudi mkalale mapema.

Hatua ya 6: Platinum na vichochoro vyake

Platinum Fashion Mall, jengo la maduka ya nguo hapo Pratunam, ina vibanda zaidi ya elfu moja, na vingi vinafanana. Mkiingia sita kwa mkupuo, baada ya dakika kumi kila mmoja yuko ghorofa yake na simu hazishiki. Gawanyikeni watatu watatu. Kila watatu wana mlipaji mmoja na daftari moja. Nasema daftari, la karatasi. Programu za kugawana gharama nimeona watu wakizitumia, na jioni hakuna anayekumbuka nani alichukua ile ya bluu.

Muulize muuzaji maswali mawili kabla ya kushika kikokotoo. La kwanza, bei ya jumla inaanzia pisi ngapi? Mara nyingi ni tatu, pengine sita au dazeni. La pili, naruhusiwa kuchanganya? Vibanda vingine hukubali kuchanganya rangi lakini si mitindo, vingine hutaka saizi moja. Tuseme blauzi ni baht 200 rejareja na 150 kwa jumla: watatu mkichukua moja moja, kila mmoja ameokoa 50 bila kubembeleza. Kubembeleza sana hapo ndani hakusaidii. Punguzo liko kwenye idadi.

Saizi ndiyo mtihani. Nguo iliyoandikwa frii saizi imepimwa kwa mwili wa Kithai, na nyonga zetu mnazijua. Vibanda vingi haviruhusu kujaribu. Beba futi ya fundi, na uwe na vipimo vyako vya kifua, kiuno na nyonga kwa sentimita. Pima nguo mezani, na usiamini herufi ya L. Maduka ya saizi kubwa yapo, ulizia.

Ukipenda kitu na hutaki kununua papo hapo, chukua kadi ya kibanda na upige picha namba yake. Kusema tu "nitarudi" ni kuaga.

Saa nane mchana kutaneni mle, mfunge hesabu. Deni la asubuhi lilipwe mchana huohuo, lisilale.

Hatua ya 7: Chatuchak na Sampheng

Chatuchak ni Jumamosi na Jumapili; shukeni kituo cha treni cha Kamphaeng Phet, na mkipoteana kutaneni kwenye mnara wa saa. Hereni, vibanio na mapambo ya jumla yako Sampheng, mtaa wa Wachina. Vitambaa viko Pahurat, jirani yake.

Hatua ya 8: Kuondoka

Pimeni mabegi hotelini, si uwanjani. Kama mzigo umezidi, mawakala wa kargo wako Pratunam. Waulizeni kama wanatoza kwa kilo au kwa ukubwa wa boksi, maana viatu ni vyepesi ila vinakula nafasi.

Mlionunua kwenye maduka makubwa yanayorudisha kodi ya VAT, inayotozwa asilimia 7, mnahitaji manunuzi ya baht 2,000 katika duka moja kwa siku moja, na fomu ya P.P.10 iombwe dukani ukiwa na pasipoti. Fomu ni ya mwenye pasipoti, kwa hiyo hapa mlipaji mmoja hafai: kila mtu alipie vyake na abebe vyake. Pitieni kaunta ya forodha kabla ya kukabidhi mabegi. Fedha huchukuliwa baada ya uhamiaji, kwa hiyo fikeni uwanjani saa moja mapema kuliko kawaida.