Mbwa mzima akianza kujikojolea akilala: vile utamtunza nyumbani

Wafugaji wa mbwa hapa Nairobi, naomba hili mlijue mapema. Mbwa mkubwa ambaye amekuwa akitoka nje vizuri kukojoa, halafu siku hizi unampata asubuhi amelalia mkojo, huyo si mchafu na hajakudharau, huyo ni mgonjwa. Usimchape, usimsukumie pua kwa ule mkojo, manake hata yeye hajui saa ngapi umemtoka. Inaniuma sana kuona mbwa kama hawa wakitupwa nje mwezi wa saba na ile baridi, ama wanaachwa barabarani, na mara nyingi shida yenyewe inatulizwa na vidonge.

Kabla ya kitu kingine chunguza mkojo unatoka vipi, hapo ndio kazi yote iko. Kuna mbwa ambaye unamvuja akiwa amelala tu. Unakuta pale alipolala, chini ya makalio, kuna doa la maji kama ukubwa wa sahani, manyoya ya mapaja yameshikana na anajilamba-lamba nyuma, lakini akiamka anaenda kwa nyasi anakojoa kawaida kabisa. Huyu mara nyingi ni jike aliyefungwa uzazi, sanasana wale wa mwili mkubwa kama rotwaila, na inaweza kuanza hata miaka kadhaa baada ya operesheni. Ovari zikitolewa homoni ya estrojeni inashuka, misuli inayobana mlango wa kibofu inalegea, na akiwa mnene inakuwa mbaya zaidi, kwa hivyo punguza ugali na mabaki ya nyama. Lakini tafadhali usiseme basi hutafunga mbwa wako uzazi, kwa sababu jike asiyefungwa anaweza kupata usaha kwa kizazi na huo unaua.

Halafu kuna mbwa anayekojoa kila mahali kwa sababu anakunywa maji mengi kupita kiasi, na hapa ndio watu wengi wanapotea, wanalaumu kibofu kumbe ni kisukari ama figo. Pima maji. Chukua chupa ya lita moja, jaza bakuli ukijua umeweka ngapi, kesho saa kama hiyo uone zimebaki ngapi, na kama una mbwa wawili watenganishe hiyo siku. Akipita mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mbwa wa kilo 20 amalize zaidi ya lita 2 kwa siku, hiyo si kawaida. Kumbuka pia kama alidungwa sindano ya kuwashwa ngozi juzi, dawa za steroidi kama prednisolone zinafanya mbwa anywe na akojoe sana, mwambie daktari. Na usimnyime maji ndio asikojoe! Mwenye figo mbaya ukimnyima maji unaweza kumuua.

Anayechuchumaa kila saa na kutoa matone, ama mkojo una damu, fikiria maambukizi ama mawe kwa kibofu. Dume akikaza na hakuna kinachotoka, huyo anaenda kwa daktari saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi. Vilevile jike asiyefungwa aliyekuwa kwa hiti (kutaka dume) wiki chache zilizopita na sasa anakunywa sana, hali chakula, anatoa uchafu kwa uke, huenda ni ule usaha wa kizazi, mpeleke saa hiyo hiyo. Kama ni mtoto wa mbwa anavuja tangu azaliwe, huenda mrija wa kutoka kwa figo umeingilia mahali pasipofaa, hiyo inataka upasuaji.

Ukienda kwa vet beba mkojo wa asubuhi. Osha upawa na kikopo chenye kifuniko kwa maji ya moto, vikauke, mtoe mbwa na kamba fupi, akishachuchumaa ngoja kidogo uanze kutiririka kisha uteleze ule upawa chini polepole bila kumshtua. Upeleke mapema, kama utachelewa uweke kwa friji. Kliniki ziko nyingi, hata Chuo Kikuu cha Nairobi wako na yao kule Kabete, bora tu anayemtibu awe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Usinunue antibayotiki kwa agrovet kwa kubahatisha. Dawa ya kukaza ule mlango wa kibofu iko, na ya homoni ya majike iko, lakini ile ya kukaza inaweza kupandisha presha kwa hivyo lazima apimwe kwanza. Na dawa za watu kama ibuprofen, diclofenac na paracetamol, wacha kabisa.

Nyumbani kazi kubwa ni kumweka mkavu. Weka turubai chini, juu yake blanketi za mitumba, zile nyepesi za Gikomba zinakauka haraka, ukae na tatu ama nne za kubadilisha sababu wakati wa mvua hazikauki upesi. Mtoe usiku kabla ulale na asubuhi akiamka tu. Mapaja na tumbo osha na maji ya vuguvugu, panguza hadi pakauke kabisa, kisha paka mafuta mepesi ya kujipaka yasiyo na manukato. Manyoya marefu ya hapo yapunguze. Ngozi ikikaa na mkojo inachomeka, nzi wanatua, na funza wanaingia, nimeona vidonda vya hivyo na si mchezo. Pampasi ya mtoto iliyotobolewa shimo la mkia inasaidia mkiwa na wageni, lakini ibadilishe kila baada ya saa chache.

Sakafu usimwagie Jik juu ya mkojo, ile hewa inayotoka inachoma mapafu yako na yake. Sabuni na maji kwanza, halafu siki na maji kuondoa harufu, na siki usiwahi kuichanganya na Jik. Vaa glavu, manake mbwa anaweza kupata leptospira, bakteria wa ugonjwa, kutoka kwa mkojo wa panya na kukupitishia, kwa hivyo muulize daktari kuhusu chanjo yake.

Akishaanza vidonge usisimamishe kwa sababu umeona wiki mbili amelala pakavu, wengi wanahitaji maisha yote. Na akirudia kuvuja akiwa bado kwa dawa, usimwongezee mwenyewe, rudisha mkojo upimwe, mara nyingi ni maambukizi yameingia.