Kabla Hujafungua Ofisi ya Upelelezi Binafsi: Mambo ya Kuweka Sawa Kwanza

Wengi wanaotamani kufungua ofisi ya upelelezi binafsi huanza kwa kuwazia kamera, gari la kufuatilia na jina la kampuni. Hivyo vyote unaweza kuvinunua kwa siku moja. Kinachohitaji muda ni kuuzoea ukweli huu: mpelelezi binafsi ni raia kama raia wengine. Leseni inamruhusu kulipwa kwa kuuliza, kutazama na kuchambua kumbukumbu. Haimpi mamlaka ya kukamata mtu, kupekua nyumba, kusoma ujumbe ulio kwenye simu ya mwingine wala kumlazimisha yeyote ajibu swali. Askari akikosea akiwa kazini, nyuma yake kuna serikali. Wewe ukikosea utasimama kizimbani peke yako, na mteja aliyekutuma anaweza kuwa shahidi wa kwanza dhidi yako.

Maandalizi yote yaanzie hapo.

Leseni na uzoefu

Masharti hutofautiana mno kutoka sehemu moja hadi nyingine, kwa hiyo usijipange kwa kufuata ulichosoma kuhusu nchi ya watu. California hudai saa 6,000 za kazi ya uchunguzi yenye malipo, yaani kama miaka mitatu, na mwenye shahada ya sheria au ya sayansi ya polisi hupunguziwa hadi saa 4,000. Florida ina leseni ya mwanagenzi, ambayo mtu huifanyia kazi miaka miwili chini ya msimamizi. Ontario, Kanada, hudai kozi ya saa 50 kisha mtihani. Uhispania hudai mafunzo ya ngazi ya chuo kikuu, na sheria yake ya mwaka 2014 inamkataza mpelelezi binafsi kuchunguza makosa ya jinai ambayo dola huyashtaki yenyewe bila kusubiri mlalamikaji; akikutana nayo, wajibu wake ni kuyaripoti. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2001 iliyotoa nafasi ya kuwapa leseni wapelelezi binafsi, lakini miaka zaidi ya ishirini baadaye sehemu hiyo ilikuwa bado haijaanza kutumika.

Nenda mwenyewe kwenye mamlaka inayohusika uulize. Je, leseni ni ya mtu, ya kampuni, au zote mbili? Mfanyakazi unayemwajiri naye anahitaji ya kwake? Ukimfuata mtu akavuka mpaka wa jimbo au nchi, leseni yako inavuka naye? Ni kosa gani linaifuta? Pata majibu kwa maandishi uyahifadhi.

Ikiwa unatakiwa kuthibitisha uzoefu, anza sasa kukusanya barua za waajiri wako wa zamani zinazotaja saa na aina ya kazi uliyofanya. Kampuni hufungwa, wasimamizi hustaafu, na mwaka unaoihitaji barua ndiyo mwaka ambao aliyepaswa kuitia saini haonekani. Cheti cha polisi cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu na alama za vidole pia huchukua muda. Na usikubali hata kazi moja "ndogo" kabla leseni haijatoka. Ulichokusanya kinaweza kukataliwa mahakamani, na mteja akigoma kukulipa huenda usiwe na pa kumdai.

Hata pale ambapo sheria haidai uzoefu, mimi nasema usifungue ofisi bila kuwa nao. Fanya kazi kwanza kwa wakili, kampuni ya bima au mpelelezi mwenye leseni. Askari waliostaafu ndio wanaoona hatua hii haiwahusu, na kwa kweli wanakuja na macho mazuri na ustahimilivu. Lakini wamezoea kufunguliwa milango kwa sababu ya kitambulisho. Kubisha hodi ukijua mwenye nyumba ana haki kamili ya kukufungia mlango usoni ni ufundi mwingine, nao hujifunzwa upya.

Kazi utakazokataa

Hapa ndipo ningekuomba ukae zaidi kuliko mahali pengine popote, na ufanye hivyo kabla mteja wa kwanza hajapiga simu, wakati bado huna deni la pango linalokusukuma kukubali lolote.

Mwaka 1989 mwigizaji kijana wa Marekani, Rebecca Schaeffer, aliuawa kwa risasi mlangoni kwake Los Angeles na mtu aliyekuwa akimwandama kwa muda mrefu. Muuaji alipata anwani yake kwa kumlipa mpelelezi binafsi, naye akaitoa kwenye kumbukumbu za idara ya magari. Tukio hilo lilichangia kuzaliwa kwa sheria ya mwaka 1994 inayolinda taarifa za madereva Marekani nzima. Miaka kumi baada ya kifo hicho, huko Nashua, New Hampshire, mwanamume mmoja alinunua kwa kampuni ya mtandaoni anwani ya kazini ya binti aliyekuwa akimwandama. Kampuni ilikuwa imeipata kwa kumtumia mtu aliyepiga simu kwa hila. Mnunuzi alimvizia binti huyo anapotoka kazini, akamuua, kisha akajiua. Mwaka 2003 Mahakama Kuu Kabisa ya New Hampshire iliamua kwamba mpelelezi anayeuza taarifa za mtu ana wajibu wa kuchukua tahadhari kwa ajili ya yule anayetafutwa, si kwa mteja wake tu.

Soma aya hiyo tena ukiwaza kwamba mteja wa aina hiyo atakuja kwako akiwa nadhifu, mpole, na hadithi inayogusa moyo. Atasema anamtafuta dada yake. Atasema anataka kumrudishia mtu fedha zake.

Kwa hiyo andaa fomu ya kumpokea mteja, na isiwe ya jina na namba ya simu tu. Chukua nakala ya kitambulisho. Muulize anamtafuta mtu huyo kwa nini, walionana lini mara ya mwisho, waliachanaje. Muulize kama kuna amri ya mahakama inayomzuia kumkaribia, halafu usiridhike na jibu lake. Kapekue kumbukumbu za mahakama wewe mwenyewe. Anayetaka kulipa taslimu bila mkataba, anayeharakisha, anayekasirika akiulizwa sababu, mrudishie fedha zake.

Na weka kanuni hii ndani ya mkataba: anayetafutwa akiwa mtu mzima na hakuna shughuli ya mahakama inayodai anwani yake, utampata, utamwambia kwamba fulani anamtafuta, na yeye ndiye atakayeamua kama anataka kupatikana. Mteja mwenye nia njema hulielewa hili baada ya kuelezwa mara moja. Utapoteza baadhi ya wateja. Wacha waende.

Orodha ya aina za kesi peke yake haitoshi. Allan Pinkerton, aliyeanzisha shirika lake la upelelezi Chicago takriban mwaka 1850, alijiwekea kanuni ambazo leo bado zinapendeza: hapokei kesi za talaka, hachukui fedha za zawadi zinazotangazwa kwa atakayefichua mhalifu, hapandishi ada bila mteja kujua. Mwaka 1892, miaka minane baada ya kifo chake, mamia ya watu wa shirika hilo walipelekwa kwenye kiwanda cha chuma cha Homestead, Pennsylvania, wafanyakazi wakiwa kwenye mgogoro na mwenye kiwanda. Risasi zikarindima, watu wakafa pande zote mbili, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likaizuia serikali kuu kuwaajiri watu wa shirika hilo. Kanuni zilisema kesi zipi haziguswi. Hazikuuliza nani ataumia.

Njia zilizofungwa

Kaa na wakili saa chache mkaandike ukurasa mmoja wa mambo ambayo ofisi yako haifanyi kamwe. Kurekodi mazungumzo: sehemu nyingine ridhaa ya mmoja wa wanaozungumza inatosha, kwingine, kama California, mazungumzo ya faragha hudai ridhaa ya wote, na kutega kinasa sauti mahali ambapo wewe mwenyewe hupo kwenye mazungumzo ni hatari karibu kila mahali. Kifuatiliaji cha GPS kwenye gari lisilo la mteja. Kuingia kwenye barua pepe au akaunti ya mtu, hata mke au mume anapokupa nywila.

Kujifanya mtu mwingine ili kupata kumbukumbu za simu au za benki nako kumeangusha wakubwa. Mwaka 2006 ilifichuka kwamba wapelelezi waliokodiwa kwa niaba ya kampuni ya Hewlett-Packard walipata kumbukumbu za simu za wajumbe wa bodi na waandishi wa habari kwa njia hiyo. Viongozi walijiuzulu, na sheria mpya ya Marekani ikaifanya hila hiyo kuwa jinai waziwazi. Mwaka 2014 mahakama ya Shanghai iliwafunga wapelelezi wawili, mume na mke, kwa kununua taarifa binafsi za raia wa China. Kununua taarifa kwa mtu wa ndani ndiko kishawishi kikubwa zaidi cha kazi hii, maana ni rahisi, ni haraka, na wenzako watakuambia kila mtu anafanya.

Daftari, picha na mahakama

Bidhaa unayouza ni taarifa itakayosimama mbele ya hakimu. Jizoeze kuiandika kabla hujapata wa kuiuzia.

Chukua kazi ya kawaida ya bima: mtu anadai aliumia mgongo kazini. Mwanagenzi ataandika, "Mlengwa anaonekana mzima kabisa, ananyanyua mizigo." Hiyo ni hukumu, na wewe si daktari. Andika hivi: "Saa 08:14. Mwanamume mwenye shati la bluu, anayefanana na picha niliyopewa, atoka mlango wa mbele. Abeba mfuko mweusi kwa mkono wa kulia. Auweka nyuma ya gari. 08:16. Arudi ndani. Sikuona kilichomo mfukoni. Sijui uzito wake." Sentensi ya mwisho ndiyo itakayokuokoa siku wakili wa upande wa pili atakapouliza kama mfuko ule ulijaa pamba. Tumia saa 24, maana "saa mbili" isiyosema asubuhi au usiku inatosha kuvuruga ushahidi wa siku nzima. Kabla ya kila kazi linganisha saa ya kamera na ya simu. Tarehe iliyokosewa kwenye video humpa wakili nafasi ya kuhoji kila kitu kingine.

Video halisi usiiguse baada ya kuirekodi. Tengeneza nakala, fanyia kazi nakala, na uandike kila mkono uliopokea faili halisi, siku gani na saa ngapi. Programu za kukokotoa heshi, ile namba inayobadilika faili likiguswa hata kidogo, zinapatikana bure. Ikokotoe siku ileile na uihifadhi. Usifute uliyoyaona yanayousaidia upande wa pili. Mlengwa akikaa siku tatu ameinama kwa maumivu, taarifa iseme hivyo.

Kwa sababu hiyo malipo yako yasitegemee matokeo. Ukilipwa "ukimkuta na hatia," ushahidi wako umeshanunuliwa, na swali la kwanza utakaloulizwa kizimbani litakuwa hilo. Toza kwa saa na gharama, chukua malipo ya awali, na weka kikomo ambacho hukivuki bila idhini ya maandishi.

Fedha, bima, taarifa za watu

Jiandae kuishi miezi kadhaa bila mapato ya maana. Mawakili na kampuni za bima ndio wateja wa kudumu, lakini hulipa polepole. Chagua eneo moja au mawili ya kuanzia, kama vile madai ya bima, kutafuta warithi, mali zilizofichwa au kukagua historia ya waombaji kazi. Anayetangaza kwamba anafanya kila kitu haaminiwi na wakili yeyote. Kata bima ya dhima ya kitaaluma, ile inayolipa ukidaiwa kwa kosa la kazini, na usome vifungu vinavyotaja yale isiyoyalipia: makosa ya kukusudia na uvunjaji wa faragha mara nyingi vimo humo.

Kabati lako litajaa siri za watu ambao hawakukuomba uzijue. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zinakuhusu wewe pia: kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2018 inaruhusu faini hadi euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya mwaka ya kampuni duniani kote, kikubwa kati ya hivyo viwili, na uvujaji wenye hatari kwa wahusika huripotiwa ndani ya saa 72. Funga taarifa za kompyuta kwa usimbaji, zisisomeke bila nywila. Amua leo faili litateketezwa baada ya muda gani. Na usisajili biashara kwa anwani ya nyumbani kwako ikiwa sheria inakupa njia nyingine. Kuna watu watakaochukia ulichokigundua, na watoto wako hawakutia saini mkataba wowote.

Kila anayekwenda uwandani awe na mtu ofisini anayejua yuko wapi na anatarajiwa kutoa taarifa saa ngapi, pamoja na ruhusa kamili ya kuiacha kazi akihisi ameshtukiwa.

Mambo haya yakishakuwa tayari, fanya kesi moja ya majaribio kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwombe rafiki akubali kuwa mlengwa kwa siku moja, kwa ridhaa yake ya maandishi, na mwingine awe mteja. Jaza fomu, saini mkataba, andika daftari, piga picha, tunza faili, andaa ankara. Kisha mlipe wakili wa kesi za madai akuhoji juu ya faili hilo kama vile ameajiriwa kukuangusha, na mwambie asikuhurumie. Pale utakaposhindwa kujibu, karekebishe, halafu urudi umlipe akuhoji tena.