Mimea yenye sumu nyumbani: jinsi ya kuijua mapema na cha kufanya mtu akishaila

Mtoto wa dada yangu alikua na mwaka mmoja na nusu hivi siku aliyong'ata jani la lile ua la ndani lenye majani mapana ya kijani yenye madoa meupe, difenbakia, wengi mnalo sebuleni. Alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia, mate yanamwagika, ulimi umevimba ndani ya dakika chache tu, na sisi watu wazima wanne tuliokuwepo hamna hata mmoja aliyejua lile ua linaitwaje. Mmoja anasema mpeni maji ya chumvi atapike, mwingine anasema maziwa, mwingine keshakimbilia mafuta ya kula. Hospitali swali la kwanza la daktari lilikua "kala nini?" na jibu letu likawa ua, ua la kijani. Mtoto alipona, kesho yake anacheza kama kawaida, ila mimi toka siku hiyo siweki mmea ndani wala nje bila kujua jina lake, na ndo ninachotaka na wewe ukifanye kabla hujamaliza wiki hii.

Watu wengi wakisikia mimea yenye sumu wanawaza porini huko, kumbe ile inayowapata watoto wetu ni tuliyoipanda wenyewe kwa sababu ina maua mazuri, au iliyojiotea kando ya uzio na tumeizoea mpaka hatuioni tena.

Kwa hiyo anza hivi. Chukua simu, zunguka nyumba nzima ndani na nje taratibu, kila mmea usioujua jina upige picha, na usipige picha moja ya mbali ukaridhika, piga jani kwa karibu, piga ua, piga tunda na mbegu kama zipo, piga na mmea mzima jinsi ulivyosimama. Halafu tafuta mtu wa kukutajia jina, bwana shamba, mtu wa bustani ya miche, mwalimu wa baiolojia, yeyote anayejua mimea kweli, na ulinganishe majibu ya watu wawili. Zile programu za simu za kutambua mimea zinasaidia kupata fununu lakini zinakosea, usije ukala kitu au ukampa mtu dawa kwa sababu programu imesema. Omba na jina la kisayansi hata kama linakushinda kutamka, maana majina ya kienyeji yanapishana sana, mfano kuna wanaoita mbono ule wa mafuta ya nyonyo na kuna wanaoita mbono ule wa kaburi, na yote miwili ina mbegu zenye sumu ila sumu zenyewe ni tofauti. Ukishapata majina yaandike kwenye vyungu vyenyewe, na picha zibaki kwenye simu.

Sasa ni ipi ya kuangalia kwanza. Mi nianze na mbegu maana mbegu ndo zinanipa hofu kuliko vyote, ni nzuri, zinang'aa, mtoto anaziokota mwenyewe anajaza mfukoni. Mbegu za mbarika (mnyonyo) zina mabakabaka na zimenenepa kama kupe aliyeshiba damu, na hata jina lake la kisayansi, Ricinus, ni neno la Kilatini la kupe. Ndani yake kuna risini, sumu inayozuia seli za mwili kutengeneza protini. Ganda lake ni gumu, kwa hiyo mbegu iliyomezwa nzima inaweza kupita tumboni bila kufunguka, ila iliyotafunwa ni habari nyingine kabisa, na we hukuwepo kuona kama mtoto katafuna au kameza tu, kwa hiyo usibahatishe, peleka hospitali. Mafuta ya nyonyo yenyewe yakitengenezwa vizuri kiwandani hayana hiyo sumu, inabaki kwenye mashudu, ndo maana mashudu yake hayapewi mifugo hivi hivi.

Ndugu yake kwa ubaya ni mtipitipi, ule mmea unaotambaa wenye mbegu nyekundu kali na doa jeusi upande mmoja. Sumu yake inaitwa abrini na inafanya kazi ile ile ya risini. Mbegu hizi watu wanazitoboa kutengeneza shanga, bangili, hata rozari, na hapo pa kutoboa ndo pabaya zaidi maana ganda lililokua linazuia sumu limeshafunguliwa, mtoto anayenyonya bangili ya namna hiyo yuko kwenye hatari kuliko aliyemeza mbegu nzima. Kagua mapambo yako leo.

Oleanda. Majani membamba marefu, maua ya pinki au meupe, inapandwa kila mahali kwa sababu haifi na jua. Kila sehemu yake ina sumu, jani, ua, mti, utomvu, likikauka bado lina sumu, na sumu yake inaenda moja kwa moja kwenye mapigo ya moyo, mtu anaanza na kutapika na tumbo halafu moyo unaanza kupiga polepole au ovyo ovyo. Kuna na ile ya njano yenye maua kama kengele na tunda la kijani lenye pembe pembe, hiyo nayo ni hivyo hivyo. Usitumie kijiti chake kuchomea nyama, usichome matawi yake moto, na matawi uliyopogoa usiyatupe sehemu ambayo mbuzi au ng'ombe watayafikia.

Mnanaha nao uko kila mahali penye udongo uliochimbuliwa, ua jeupe kama tarumbeta, tunda la mviringo lenye miiba, ndani mbegu ndogo ndogo nyingi. Una sumu mbili, atropini na skopolamini, na dalili zake ukishazisoma mara moja huzisahau: mdomo mkavu kabisa, ngozi nyekundu na ya moto, mboni za macho zimepanuka, moyo unakimbia, mkojo hautoki, na mtu anaongea na watu ambao hawapo. Mwaka 1676 kule Jamestown, Virginia, wanajeshi wa Kiingereza walipika majani yake kama mboga, na inaelezwa walikaa siku 11 wakiwa hawajielewi, walipozinduka hawakukumbuka kitu. Nawaambia hasa vijana wanaoambizana kwamba mbegu hizi zinalewesha: kiasi cha sumu kinatofautiana kutoka mmea hadi mmea, hata kutoka tunda hadi tunda, kwa hiyo hakuna kipimo salama, aliyekula jana akapona na anayekula leo akafa wanaweza kuwa wamekula idadi ile ile. Na kama unavuna nafaka angalia magugu ya shambani, mbegu za mnanaha zikichanganyika na mtama au mahindi zinasagwa pamoja na hakuna atakayejua mpaka familia nzima ianze kuweweseka.

Mnyaa, ule wa uzio usio na majani, unatoa utomvu mweupe kama maziwa. Ukikata vaa glavu na miwani, mikono mirefu, na usijifute jasho usoni, basi hapo umemaliza nusu ya hatari. Utomvu ukiingia jichoni maumivu ni makali na mtu anaweza asione kwa siku kadhaa. Kuna pia lile yungiyungi linalopanda lenye maua mekundu na njano kama ndimi za moto, gloriosa, kiazi chake cha chini watu wamewahi kukila wakidhani ni kiazi cha kawaida, kina sumu inayoitwa kolkisini na ni cha kuua. Na difenbakia niliyoanza nayo, pamoja na jamaa zake kama filodendroni na monstera, ina vijisindano vidogo sana vya kalsiamu oksaleti vinavyochoma mdomo na koo, mara nyingi haiui ila uvimbe ukizidi kooni pumzi inabana, ndo maana haifai kupuuzwa.

Jikoni sitakaa sana. Kiazi mviringo kilichogeuka kijani na kuwa kichungu kitupe, sumu yake, solanini, haiondoki kwa kuchemsha. Maharage mekundu makubwa yaloweke masaa matano au zaidi, maji hayo mwaga, halafu yachemke kweli kweli dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto, maana kuyapika kwa moto mdogo tu bila kuchemka kunaweza kuyafanya kuwa na madhara kuliko hata yakiwa mabichi. Muhogo mchungu bila kulowekwa au kukaushwa ipasavyo unaacha sayanidi.

Kuna maneno ambayo naomba tuache kuambizana. Eti tunda akila ndege na binadamu anaweza kula, hapana, ndege wanakula vitu vingi ambavyo sisi vinatudhuru, miili yetu siyo sawa. Eti chenye sumu lazima kiwe kichungu, hapana, mbegu za mbono kaburi watoto wanazila kwa sababu hazina ladha mbaya, wanakula nyingi ndo wanaanza kutapika. Eti ukipika sumu inaisha, nyingine zinaisha nyingine haziguswi na moto. Na hili la mwisho linaniuma zaidi, eti dawa ya asili haina madhara. William Withering, daktari wa Uingereza, mwaka 1785 alichapisha kazi yake kuhusu mmea unaoitwa digitalisi unaosaidia wagonjwa wa moyo, na kazi kubwa aliyoifanya ni kuhangaika na kipimo, kwa sababu mmea ule ule unaosaidia ukizidi kidogo unasimamisha moyo. Asili haikupimii, kwa hiyo mizizi na majani ya kuchemsha usiyoyajua vizuri usinywe, na mjamzito na mtoto mdogo ndo kabisa.

Sumu inaweza kukufikia hata bila kugusa mmea. Mama yake Abraham Lincoln, yule rais wa zamani wa Marekani, aliitwa Nancy, alifariki mwaka 1818 kwa ugonjwa wa maziwa, yani ng'ombe walikula gugu lenye sumu, sumu ikapita kwenye maziwa, watu wakanywa. Moshi nao unapitisha, ukichoma majani ya mmea unaowasha unaivuta ile sumu mpaka mapafuni. Na huko Karibi kuna mti wa pwani unaoitwa manchineel, ukijikinga mvua chini yake matone yanayodondoka kutoka kwenye majani yanababua ngozi. Kwa hiyo mti usioujua hata kivuli chake usikizoee haraka.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe, mtu keshakula. Toa kilichobaki mdomoni kwa kidole au kitambaa, msukutue kwa maji kama anaweza kutema. USIMTAPISHE. Siyo kwa kidole, siyo kwa maji ya chumvi, siyo kwa mafuta wala sabuni, utomvu unaounguza ukirudi juu unaunguza koo mara ya pili, na mtu aliyelegea matapishi yanaingia kwenye mapafu, halafu maji ya chumvi yenyewe yanaweza kumuua mtoto. Maziwa hayaondoi sumu, kwa yale majani ya vijisindano kitu cha baridi kinapunguza maumivu ya mdomo kama anameza vizuri, ila siyo tiba ya mimea yote. Mkaa wa jikoni usimpe, ule unaotumika hospitali ni mkaa maalum na unatolewa na wenyewe wakiona unafaa.

Piga simu ya dharura au kituo cha sumu kama nchi yako inacho, na hiyo namba iwe kwenye simu sa hivi hivi unavyosoma. Kama hajitambui ila anapumua mlaze kwa ubavu, usimpe chochote mdomoni, na kama hapumui anza kumsaidia pumzi na kumkandamiza kifua kama umefundishwa, huku mtu mwingine akiita msaada. Utomvu wa ngozini osha kwa maji mengi na sabuni, vua nguo, safisha na chini ya kucha maana mkono huo huo utaenda jichoni. Jichoni mwaga maji safi yanayotiririka dakika 15 hadi 20 bila kuacha, zinaonekana ndefu sana mtu akiwa analia lakini usikatishe, ukimaliza nenda hospitali hata kama anasema anaona.

Ukiondoka nyumbani beba tawi la mmea wenyewe, lenye jani, ua na tunda kama vipo, weka kwenye mfuko, au picha nzuri ukishindwa. Kumbuka kala nini, kama katafuna au kameza, kiasi gani hivi, saa ngapi, na uzito wake. Kama walikua watoto wawili wanacheza pamoja wapeleke wote wawili hata kama mmoja anasema hajala, mtoto akiona mwenzie anagombezwa atakataa tu, kwa hiyo usigombeze.

Na usirudi nyumbani njiani kwa sababu mtoto kachangamka. Risini, abrini na kolkisini zinaweza kukaa kimya masaa mengi kabla ya kutapika kuanza, mtoto anakula mbegu mchana, jioni anacheza, usiku wa manane ndo anaanza kuharisha damu. Mwambie daktari jina la mmea, ukiambiwa mnabaki kwa uangalizi bakini, na lile tawi usilitupe mpaka mmeruhusiwa.