Namna ya Kuchagua Glavu za Bei Nafuu za Kutumia Simu Wakati wa Baridi

Mtu aliyehamia Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, kutoka Mombasa au Mwanza hujifunza mengi katika majira yake ya kwanza ya baridi, na mojawapo ni kwamba simu yake haimtambui akiwa amevaa glavu. Mimi nililijua hilo katika kituo cha basi, asubuhi moja ya Januari, nikiwa nimevaa glavu nene za ngozi nilizozinunua kwa fedha nyingi kuliko uwezo wangu wa wakati ule. Simu iliita, nikatelezesha kidole juu ya kioo mara tatu, mara nne, bila mafanikio. Nikaivuta glavu kwa meno, ikaponyoka na kuangukia theluji iliyochanganyika na chumvi ya barabarani, na msimamizi wangu wa zamu, ambaye ndiye aliyekuwa akipiga, akawa amekwisha kukata. Tangu hapo nimetumia jozi nyingi za glavu za kugusia skrini, takriban zote zikiwa za kati ya dola 5 na dola 15, na nimeridhika kwamba bei si kipimo kizuri cha ubora wake.

Ili kuchagua vizuri, ni lazima kwanza kufahamu kwa nini glavu ya kawaida hushindwa. Skrini ya simu ya siku hizi haisikilizi mkandamizo wa kidole, bali chini ya kioo chake kuna utando mwembamba unaopitisha umeme, nao hutandaza uga dhaifu wa umeme, yaani eneo lenye nguvu ndogo ya umeme, juu ya kioo hicho. Kidole cha binadamu, kwa kuwa kina maji na chumvi, hupitisha umeme pia, na kinapofika karibu na kioo huubadilisha uga huo mahali pale pale, ndipo simu ikatambua kwamba imeguswa. Sufu, pamba na nailoni havipitishi umeme, kwa hiyo mtu anaweza kubonyeza mpaka kucha ikauma na simu isijue lolote. Asiyeamini na achukue ndizi mbivu iliyomenywa aguse nayo skrini: itafungua programu kama kidole, kwa sababu nayo ina maji na chumvi, ingawa kazi ya kufuta kioo baada ya jaribio hilo ni juu yake mwenyewe.

Kazi ya glavu ya simu, basi, ni kuwa daraja kati ya ngozi ya kidole na kioo. Zipo zilizofumwa kwa uzi uliochanganywa na madini ya fedha, shaba au chuma, ama glavu nzima au kwenye ncha za vidole tu. Zipo zilizoshonewa kiraka cha kitambaa kinachopitisha umeme. Na zipo zilizopakwa au kuchapwa rangi maalumu kwenye ncha, ambayo ukiigusa ni kama mpira. Kwa maoni yangu, mwenye fedha kidogo aanze na zile zilizofumwa. Rangi iliyopakwa hufanya kazi vizuri siku ya kwanza, lakini huanza kupasuka na kubanduka kwa kusuguana na funguo, usukani na zipu za koti, na baada ya muda hubaki glavu ya kawaida iliyouzwa kwa jina la ziada. Kiraka nacho ni kizuri iwapo tu kinafika ndani.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea, nami nilikosea mara mbili. Daraja lisilofika ng'ambo zote mbili si daraja, yaani uzi ule ukiwa nje tu, na kati yake na ngozi pakawa na bitana nene ya manyoya, mguso hufika kwenye simu ukiwa hafifu au usifike kabisa. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, geuza ncha ya kidole cha shahada ndani nje na uitazame mahali penye mwanga. Ukiona uzi ule wa kijivu au wenye kung'aa umetokeza pande zote mbili, hiyo ni dalili njema. Ukiona bitana tupu, irudishe mahali ulipoitoa.

Jambo la pili, ambalo kwangu lina uzito kuliko yote, ni urefu wa vidole. Glavu ikiwa kubwa, ncha yake hubaki tupu na kujikunja mbele ya kidole, na hata uzi uwe wa fedha tupu hautasaidia, kwani haugusani na ngozi. Tena ncha hiyo iliyolegea hugusa herufi tatu kwa wakati mmoja. Ivae glavu, kunja ngumi, kisha nyoosha vidole: ncha inapaswa kugusana na kidole bila kukibana, kwa maana glavu inayobana huzuia damu, na vidole visivyopata damu ya kutosha hupoa upesi hata ndani ya sufu. Anayenunua mtandaoni na azungushe futi ya fundi cherehani kwenye kiganja, chini kidogo ya vifundo vya vidole, bila kuhesabu gumba. Duara la inchi 8 hulingana na saizi namba 8, na kadhalika. Zile zilizoandikwa kwamba saizi moja humfaa kila mtu aziache, isipokuwa kama duka linakubali kurudishiwa.

Dukani usione haya kutoa simu na kufanya jaribio lenyewe. Watu wengi hugusa mara moja, wakaona programu imefunguka, wakaridhika. Lakini kugusa mara moja ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Telezesha kidole kama unayepokea simu, kuza picha kwa vidole viwili, kisha andika ujumbe kwa gumba zote mbili. Mimi huandika neno "nimekwishafika", kwa sababu ndilo nililozoea kulituma nyumbani kila ninaposhuka kwenye basi, na kwa sababu lina herufi za kutosha kuumbua glavu mbovu. Zipo glavu zenye uzi kwenye kidole cha shahada peke yake, gumba likiwa limesahauliwa, na mtu anayeandika kwa gumba, kama tulivyo wengi wetu, atakuwa amenunua pambo.

Kabla ya kuilaumu glavu, itazame pia simu. Baadhi ya simu za Samsung zina mahali pa kuongeza wepesi wa kuhisi mguso katika mipangilio ya skrini, na kuwasha kipengele hicho husaidia hasa ikiwa kioo kimebandikwa kinga nene. iPhone haina kipengele cha namna hiyo. Kusoma alama ya kidole hakutafanikiwa ukiwa umevaa glavu yoyote, kwa kuwa kinachosomwa ni mistari ya ngozi, hivyo tumia namba ya siri au uso. Matone ya theluji iliyoyeyuka juu ya kioo nayo huichanganya simu, ikajifungulia mambo yasiyoombwa, ifute kwanza.

Kuhusu joto, ni vyema kusema wazi kwamba glavu ya bei nafuu inayofaa kuandikia ni lazima iwe nyembamba, na iliyo nyembamba haitoshi kwa baridi ya Minnesota. Idara ya hali ya hewa ya Marekani hueleza kwamba nyuzi 0 za Farenihaiti, yaani takriban nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri, zikiambatana na upepo wa maili 15 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Tarehe 30 Januari 2019 kipimajoto cha hapa Minneapolis kilishuka hadi nyuzi 28 za Farenihaiti chini ya sifuri, kabla hata ya kuhesabu upepo. Kwa hali kama hiyo, sitafuti glavu moja ya kufanya kazi zote mbili. Ninavaa ile nyembamba ya simu ndani, na juu yake glavu pana za mfuko, ambazo vidole vinne hukaa pamoja na kupeana joto huku gumba likikaa peke yake. Simu ikiita, navua ya juu tu, na mkono haubaki mtupu. Jozi mbili za bei ndogo zikivaliwa hivyo zimenifaa kuliko ile moja ya ngozi iliyonitia hasara. Simu yenyewe nayo ikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, kwani betri hupungua nguvu katika baridi. Apple, kwa mfano, hupendekeza iPhone itumike kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi.

Aliye na glavu nzuri za sufu tayari, labda alizofumiwa na mtu anayempenda, hana haja ya kuziacha. Uzi wa kushonea unaopitisha umeme, uliotengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, huuzwa mtandaoni na katika maduka ya vifaa vya elektroniki, na kibunda kimoja hutosha jozi nyingi. Shona mishono mitano au sita iliyokaribiana kwenye ncha ya gumba na ya kidole cha shahada, na upande wa ndani uache vitanzi vilivyolegea kidogo ili viguse ngozi. Shona mahali kidole kinapogusia kioo hasa, yaani kwenye nyama ya ncha, si kwenye ukucha. Kazi hiyo huchukua muda wa kuchemsha chai na kuinywa.

Glavu za uzi wa fedha zifuliwe kwa mkono, kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida. Jiki huuharibu uzi huo, dawa ya kulainishia nguo huacha utando unaozuia umeme, na mashine ya kukaushia huzifanya zinywee mpaka vidole visiingie. Zitandaze tu, zikauke zenyewe.

Wakati mzuri wa kununua ni mwishoni mwa Februari, maduka yanapoanza kuondoa nguo za baridi ili kupisha za joto, ingawa saizi huwa zimechaguliwachaguliwa. Nikipata zinazonienea hununua jozi mbili zilizo sawa kabisa kwa rangi na kwa aina. Ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia huchakaa kabla ya nyingine zote, na glavu nyingi za kufumwa hazina kulia wala kushoto, kwa hiyo naweza kuzibadilisha mikono. Na ile moja inayobaki kwenye kiti cha basi kila mwaka huwa na mwenzake nyumbani wa kuishikia nafasi.