Namna ya Kuendesha Daraja la Kimataifa la Mashua za Mkuku

Daraja la kimataifa la mashua za mbio ni jumuiya ya wamiliki waliokubaliana kushindana kwa mashua zinazolingana umbo, uzito na matanga, ili anayetangulia kufika awe ametangulia kwa ustadi wa kuusoma upepo na maji, si kwa unono wa mfuko wake. Kwa mashua za mkuku, yaani zile zenye mkuku, uti wa chini ya chombo, ulio mzito wa madini ya risasi au chuma na unaozipa uthabiti, makubaliano hayo ni magumu kuyalinda kuliko kwa mashua nyepesi, kwa kuwa chombo ni ghali, hudumu kwa miongo mingi, na sehemu yake inayochangia mno katika kasi imefichika chini ya maji. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyechaguliwa kuwa mwenyekiti, katibu au mjumbe wa kamati ya ufundi. Nitakaa zaidi kwenye kanuni na upimaji, kwa sababu naamini kwamba wajibu wa kwanza wa chama ni kuhakikisha kuwa mashua iliyokwisha kuzeeka, ikitunzwa vizuri, bado inaweza kuishinda ile iliyotoka kwa mjenzi mwezi uliopita. Mmiliki akishaona kwamba hawezi tena kushinda bila kununua mashua mpya, ataondoka, na mara nyingi hataondoka peke yake.

Chama na mikataba yake

Mashindano ya mashua za matanga husimamiwa duniani na World Sailing, shirika lililoanzishwa Paris mwaka 1907 kwa jina la International Yacht Racing Union. Daraja linalotambuliwa na shirika hilo hubaki na chama chake, katiba yake na viongozi wake. Linachokubali ni kwamba kanuni zake na mabadiliko yake yatapitishwa na World Sailing, na kwamba mashindano yake ya dunia yatafuata masharti ya shirika. Katibu mpya na asome mkataba huo mwanzo hadi mwisho kabla ya kufanya jambo lolote jingine.

Ngazi za chama ni vema zianzie chini. Daraja la Star, ambalo mashua zake za kwanza zilishindana mwaka 1911 na ambalo chama chake kiliundwa mwaka 1922, lilijengwa juu ya vikosi vya mahali, kila kikosi kikiwa na mashua zake, viongozi wake na sauti yake katika maamuzi. Muundo huo umelibeba daraja hilo katika vita, katika mabadiliko ya vifaa, na hata baada ya kuondolewa katika Michezo ya Olimpiki kufuatia mashindano ya mwaka 2012. Kikosi cha mashua sita zinazoshindana kila wiki kina thamani kubwa kwa daraja kuliko mashua ishirini zilizotawanyika katika bandari ishirini.

Jambo linalosahaulika ni haki ya ramani. Ni lazima ijulikane kwa maandishi nani anamiliki mchoro wa mashua, nani anamiliki jina na nembo yake, na nani ana mamlaka ya kumpa mjenzi leseni au kumnyang'anya. Mara nyingi pande ni tatu: mwenye haki ya ramani, wajenzi, na chama cha wamiliki. Masilahi yao hayafanani, kwa maana mjenzi anaishi kwa kuuza mashua mpya, ilhali mmiliki anataka ile aliyo nayo isipoteze thamani. Mkataba uliotungwa wakati pande zote zinaelewana utasaidia siku zitakapokosana. Pale wajenzi wanapokuwa zaidi ya mmoja, mkataba useme wazi kwamba kalibu zote, yaani maumbo ya kufinyangia mashua, zitatokana na chanzo kimoja, na kwamba kalibu mpya haitatumika kabla ya kupimwa na kukubaliwa.

Kanuni za daraja

Kanuni huandikwa kwa mojawapo ya mitazamo miwili. Katika kanuni zilizo wazi, kila kisichokatazwa kinaruhusiwa. Katika kanuni zilizofungwa, kila kisichoruhusiwa kwa maneno kimekatazwa. Kwa mashua za ramani moja, yaani zinazojengwa zote kwa mchoro uleule, kanuni zilizofungwa ndizo zinazofaa, na sentensi inayotangaza hivyo iwekwe mwanzoni kabisa ili mtu asije akajitetea kwa kusema kwamba hakuona katazo. Istilahi zifuate kitabu cha World Sailing cha kanuni za vifaa, ambacho kinaeleza maana ya kila sehemu ya mashua na namna inavyopimwa, kwani chama kikibuni maelezo yake chenyewe kitaishia kujibu maswali yaliyokwisha kujibiwa na wengine zamani.

Ombi la kubadili kanuni litafika kila mwaka, na karibu kila mara litakuja likiwa limevaa sababu nzuri: usalama, unafuu wa bei, au urahisi wa kupata vifaa. Kamati ijiulize maswali mawili kwa kila ombi. Je, mashua iliyopo inaweza kufuata badiliko hilo kwa gharama ndogo? Na je, isipolifuata, itabaki nyuma? Likionekana kuwa gumu kufuatwa na wakati huohuo lenye kuongeza kasi, likataliwe, hata kama waliolileta ni mabingwa.

Daraja la Dragon linaonyesha namna mabadiliko makubwa yanavyoweza kufanyika bila kuwatupa watu. Mashua hiyo ilichorwa na Johan Anker wa Norwei mwaka 1929, ikajengwa kwa mbao kwa zaidi ya miaka arobaini, na mwaka 1973 faibaglasi ikaruhusiwa. Mashua mpya zililazimishwa kubaki na umbo na uzito uleule, na udhibiti wa mgawanyo wa uzito ukawa mkali, ili faibaglasi ilete unafuu wa matunzo bila kuleta kasi ya ziada. Usipodhibiti mahali uzito unapokaa, mjenzi atapunguza uzito wa miisho ya mashua na kurundika risasi katikati. Mashua hiyo itapita kwenye mizani bila tatizo, lakini kwenye mawimbi itaruka kama haikupimwa.

Mabadiliko yapigiwe kura na wanachama, yapelekwe World Sailing, na yatangazwe mapema pamoja na tarehe ya kuanza kutumika, ambayo isiangukie katikati ya msimu. Tafsiri ya kanuni isitolewe kwa simu wala kwa mazungumzo ya gatini. Anayeuliza aandike, ajibiwe kwa maandishi kupitia utaratibu rasmi, na jibu liwafikie wanachama wote siku moja, kwa sababu jibu linalojulikana na mtu mmoja ni faida ya siri.

Upimaji

Hapa ndipo daraja husimama au huanguka. Mwaka 2017, kabla ya mashindano ya dunia ya daraja la J/70 huko Porto Cervo, Italia, ukaguzi ulibaini mashua kadhaa ambazo mikuku yake ilikuwa imebadilishwa umbo kinyume cha kanuni, nazo zikazuiwa kushiriki. Tukio hilo liliwaumiza wengi, lakini lingeumiza zaidi kama lisingegunduliwa. Mkuku ni mahali pa vishawishi, maana kuujaza na kuupiga msasa ni kazi halali ya matunzo, na mpaka kati ya kulainisha na kuchonga upya ni milimita chache. Kwa hiyo kanuni ziseme unene na upana wa mkuku katika vituo kadhaa vilivyotajwa kutoka juu hadi chini, ziseme tofauti inayoruhusiwa katika kila kituo, na chama kiwe na seti za vigezo vya chuma, yaani violezo vya kulinganishia umbo la mkuku, vilivyokatwa kwa mashine moja, kila kimoja kikiwa na namba yake na cheti chake.

Mashua mpya ipimwe kwa mjenzi, ipewe kibao chenye namba, na fomu yake ya vipimo ihifadhiwe. Cheti kikishatolewa, mwenye wajibu wa kuiweka mashua katika hali inayokubalika ni mmiliki na yule anayeiongoza. Ndivyo kanuni ya 78 ya mbio za matanga inavyosema. Cheti si kinga kwa mashua iliyobadilishwa baadaye.

Upimaji wa uzito unaonekana rahisi na ndio unaoharibiwa zaidi. Mizani ya kuning'inia ihakikiwe siku ileile kwa mzigo ambao uzito wake unajulikana. Mashua iwe kavu: maji yaliyobaki chini ya sakafu yafyonzwe kwa sifongo, matanga na kamba zilizolowa zitolewe, na kila kifuniko kifunguliwe ili mpimaji ajionee mwenyewe. Kazi hii ifanywe ndani ya jengo au alfajiri kabla upepo haujaamka, kwani mashua inayoyumba kwenye mikanda ya kreni hutoa namba zisizotulia. Namba isomwe mara mbili, mashua ikiwa imeteremshwa na kuinuliwa tena katikati. Dragon haipaswi kupungua kilo 1,700. Ikikosekana kilo tano, vipande vya risasi vya kufidia hufungwa mahali panapotajwa na kanuni, na idadi, uzito na mahali pa kila kipande huandikwa kwenye cheti. Asiyeandika hayo amemwachia mmiliki ruhusa ya kuvihamisha.

Matanga hutandazwa juu ya sakafu safi na kuvutwa kiasi cha kuondoa mikunjo tu kwenye mstari unaopimwa. Yakikubalika, mpimaji hutia sahihi na tarehe karibu na pembe ya chini ya mbele. Madaraja mengi hupunguza pia idadi ya matanga ambayo mmiliki anaweza kununua kwa mwaka, na kuuza lebo ya kila tanga jipya. Naunga mkono utaratibu huu kwa moyo wote: unazuia mashindano ya kununua na wakati huohuo unakipatia chama mapato ya uhakika.

Mpimaji wa mashindano akiona kasoro wakati wa ukaguzi wa awali, ampe mmiliki nafasi ya kuirekebisha. Mbio zikishaanza, hana mamlaka ya kumwadhibu mtu. Kamati ya ufundi hupeleka lalamiko, na jopo la waamuzi ndilo linaloamua. Jopo likiwa na shaka kuhusu maana ya kanuni ya daraja, hupeleka swali kwa mamlaka yenye wajibu wa kuitafsiri, na hufungwa na jibu. Kadhalika, tofauti iliyoletwa na uharibifu au uchakavu wa kawaida, isiyoongeza kasi, haiadhibiwi, ila mashua itengenezwe kabla ya mbio inayofuata kama nafasi ipo. Mpimaji anayewaeleza wamiliki hayo mapema, kwa upole, atapata ushirikiano ambao mkali hataupata.

Mabaharia

Uzito wa mabaharia ni sehemu ya uzito wa mashua. Mashua ya daraja la J/24 inaruhusu mabaharia wenye jumla ya kilo 400, na ya daraja la Etchells kilo 285. Mabaharia wapimwe mara moja kabla ya mbio ya kwanza, badala ya kila siku, kwa kuwa upimaji wa kila asubuhi huwafanya watu wajinyime maji ya kunywa, jambo la hatari baharini. Kama daraja linataka kulinda nafasi ya wasiolipwa, litumie mfumo wa World Sailing unaowatenganisha mabaharia wa ridhaa na wa kulipwa, wala lisibuni wake.

Mashindano ya dunia

Mwenyeji achaguliwe angalau miaka miwili mapema, kwa sababu mashua za mkuku husafiri kwa trela na kontena, si juu ya paa la gari. Kabla ya kukubali ombi la klabu, uliza kina cha maji gatini wakati maji yamekupwa, uwezo wa kreni, na eneo la kuegesha trela. Mandhari na hoteli vije baadaye. Zingatia pia upana wa bahari. Mstari wa kuanzia unapaswa kuzidi jumla ya urefu wa mashua zote kwa robo hivi au zaidi: Dragon 60 zenye urefu wa mita 8.9 kila moja hufikisha mita 534, kwa hiyo mstari wa karibu mita 670 ndio mwanzo wa hesabu, na zinahitaji nafasi ya kushika kasi kabla ya ishara.

Notisi ya mashindano ikataze mashua kutolewa majini bila idhini ya maandishi tangu kabla ya mbio ya kwanza hadi mwisho, na ikataze vifaa vya kupumulia chini ya maji na mabwawa ya plastiki kuzunguka mashua. Bila vifungu hivyo, wenye fedha watasugua mikuku yao kila usiku. Kumbuka vilevile kwamba mwenyeji hawezi kubadili kanuni ya daraja katika maelekezo yake isipokuwa kanuni zenyewe zimeruhusu, au chama kimetoa idhini ya maandishi iliyobandikwa kwenye ubao rasmi wa matangazo. Katibu asitoe idhini hiyo kwa haraka asubuhi ya mbio.

Fedha na kumbukumbu

Mapato hutoka kwenye ada za wanachama, lebo za matanga, ada ya kila mashua inayojengwa na sehemu ya kiingilio cha mashindano. Chama kisitegemee ada ya ujenzi kwa matumizi ya kila siku, la sivyo kitaanza kutamani mauzo kuliko usawa. Matumizi yasiyopunguzwa ni yale ya wapimaji: nauli, malazi na mafunzo yao.

Kumbukumbu ziwekwe kwa namba ya mashua, wala si kwa jina la mmiliki, kwa kuwa mashua itabadili mikono mara nyingi. Kila faili liwe na fomu ya vipimo vya mwanzo, vyeti vyote vilivyofuata, matengenezo ya mkuku na usukani, na nakala iliyohifadhiwa mahali pengine mbali na ya kwanza. Katibu anapoondoka madarakani, mafaili hayo, vigezo vya chuma na orodha ya leseni za wajenzi hukabidhiwa mbele ya mjumbe wa kamati ya ufundi, kimoja baada ya kingine, kwa sahihi za pande zote mbili.