Somo: Kufunga kiti cha mtoto kwenye pikapu ya dabo kebini

Wazazi wenzangu, naona pikapu nyingi ambazo kiti cha mtoto kimekazwa vizuri chini, lakini mkanda wake wa juu umesokomezwa nyuma. Kiti kinachoangalia mbele kinautegemea mkanda huo ili gari likigonga, kichwa cha mtoto kisirushwe mbali. Tatizo ni kwamba kwenye pikapu pa kuunasa pamejificha.

Kwanza, mtoto akae kiti cha nyuma. Kiti kinachoangalia nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya eabegi inayofanya kazi, maana ikifumuka inagonga pale pale kilipo kichwa chake. Na kwenye bodi asipande, hata kama mnaenda dukani tu.

1. Egesha gari mahali tambarare. Fungua kitabu cha gari na cha kiti, vyote viwili.

2. Kiegemeo cha kichwa kikisukuma kiti cha mtoto mbele, kinyanyue, au kichomoe kama vitabu vinaruhusu.

3. Pitisha mkanda wa gari kwenye njia yenye alama. Viti vingi vya Ulaya vina bluu kwa kuangalia nyuma na nyekundu kwa kuangalia mbele. Kandamiza kiti kwa uzito wako huku ukivuta mkanda. Kisha kishike pale mkanda unapopita, ukitikise: kisicheze zaidi ya sentimita 2.5.

4. Sasa mkanda wa juu, na hapa usiwe na haraka. Laza mgongo wa kiti cha gari mbele, umulike nyuma yake kwa tochi. Utakuta pete za chuma au vitanzi vya kitambaa imara. Kwenye baadhi ya pikapu mkanda hupita kwanza kwenye kitanzi kilicho nyuma ya mtoto, halafu ndoano inanaswa kwenye kitanzi cha jirani. Kitabu cha gari kinaonyesha kwa mchoro. Usinase kwenye vyuma vya kiegemeo wala kwenye kulabu ya mizigo, havikutengenezwa kwa nguvu hiyo. Rudisha mgongo mpaka ujifunge, ndipo ukaze.

5. Mvue mtoto sweta nene, mfunge mikanda yake. Ukiweza kufinya mkunjo wa mkanda begani, bado umelegea.

MASWALI

Swali: Kaka, yangu ni kebini moja na mwanangu ana miezi minane. Nifanyeje?

Jibu: Dada, tafuta swichi ya kuzima eabegi ya abiria. Ikiwepo, izime, hakikisha taa yake imewaka, usogeze kiti nyuma kabisa. Kama eabegi ipo na haizimiki, mtoto huyo asipande gari hilo. Usimgeuze mbele: Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129 inataka aangalie nyuma mpaka apite miezi 15.

Swali: Nikifunga ISOFIX (vishikio vya kiti cha mtoto vinavyonasa kwenye vyuma vya gari) na mkanda wa gari pamoja, si ndiyo salama zaidi?

Jibu: Hapana mkuu, chagua kimoja, isipokuwa kitabu cha kiti kiseme vyote.

Swali: Na vya mtumba?

Jibu: Kipindue usome tarehe, vingi vimeandikwa mwisho wa matumizi. Kilichowahi kupata ajali kiache hata kama huoni ufa. Muuzaji akishindwa kukueleza kilikotoka, usinunue.